Mapera ya Bi Mwanapili

Sauti ninayo. Wengine Mungu kawapa mikarafuu, mimi kanipa koo, na siku ya mchezo wa ng'ombe hapa Kengeja hakuna mwenye mikarafuu anayesikilizwa kuliko mimi. Nikianzisha wimbo, wanawake wote wa upande wetu hupokea, zumari hunifuata mimi badala ya mimi kulifuata, na ng'ombe mwenyewe, wallahi, husimamisha masikio. Basi asubuhi ile nilikuwa na furaha ya kunipasua. Nilikwisha kunywa chai ya tangawizi, kanga mpya nimeitandaza kitandani, na muhogo wa mchana nauchemsha mapema ili nisiwe na sababu ya kurudi nyumbani.

Ndipo ndugu yangu Haroub alipoingia jikoni.

Haroub ni kitinda mimba wetu. Nimemtangulia miaka mingi hata watu hudhani nimemzaa mimi, na kumpiga nimempiga kama niliyemzaa. Mwembamba, miguu mirefu, na kusini yote ya Pemba hakuna mcheza ng'ombe wa kumweka mbele yake. Wenzake wakishapunga kitambaa hukimbia kabla pembe hazijafika. Yeye husubiri. Husubiri mpaka mama yetu, Bi Mgeni, afunike uso kwa mtandio, halafu anageuka kidogo tu, ng'ombe anapita, na uwanja mzima unapiga kelele.

Asubuhi ile shujaa huyo alichutama mbele ya mafiga yangu, akashika ncha ya kanga niliyojifunga.

"Dada Asya, niwie radhi."

"Umevunja nini tena?"

"Sikuvunja kitu. Niwie radhi kwa nlokukosea, kwa kujua na kwa kutojua. Kwa kula kwako na kunywa kwako."

Nikacheka. "Leo wamuogopa ng'ombe weye?"

"Nambie tu umeniwia."

"Ntakwambia jioni, nkeshaona mchezo wako. Ukikimbia mbele za watu, sikuwii ng'o."

Hakucheka. Alinitazama kidogo, akasimama, akatoka. Nami nikarudi kwenye muhogo wangu, maana maji yalikuwa yanafurika.

Jua lilipopanda nilivaa, nikamchukua mama, tukashika njia ya uwanjani. Njiani tukakutana na Bi Mwanapili, jirani yetu, mama wa Seif. Haroub na Seif wamekua pamoja, wamekula sahani moja, wamepigwa fimbo moja chuoni. Haroub akicheza ng'ombe, anayeshika kamba ya ng'ombe ni Seif, na kamba ikiwa mikononi mwa Seif hata mama yangu hupumua. Bi Mwanapili alikuwa anacheka peke yake.

"Asya, nduguyo kanivunja mbavu leo," alisema. "Kaja kwangu alfajiri kunitaka radhi kwa mapera! Yale walokuwa wakiniibia yeye na Seif walipokuwa hawajaingia jando. Mapera, yakhe! Nti wenyewe wa mpera nshaukata kuni."

"Ukamwambiaje?"

"Nkamwambia nimekuwia, baba, na kokwa zake. Seif wangu hajanitaka radhi hata siku moja, na yeye ndo alokuwa juu ya nti."

"Na leo Seif yuko wapi? Nani atashika kamba?"

"Kenda Ole alfajiri hii, kabla ya nduguyo kufika, kwa mjomba wake, kumalizia karafuu za mwisho."

Mama naye akatia lake, tena kwa fahari. "Mie jana kaniosha miguu. Kachemsha maji, kaniosha, kanikanda, huku anataka radhi. Ntoto kashapata akili."

Miguu yangu ilisimama. Wao waliendelea, wakanigeukia, wakaniuliza nimekanyaga nini.

Kwetu radhi haitakwi ovyo. Ukimkosea mtu mmoja, unamwendea huyo mmoja, mnayamaliza. Lakini ukiona mtu anakwenda mlango hadi mlango, anataka radhi ya kujua na kutojua, ya kula na kunywa, huyo ni mmoja wa wawili: anakwenda Makka, au hatarajii kurudi. Na ndugu yangu hata pasipoti hana.

Mwaka uliopita kijana wa Wambaa, Rajab, aliaga kuwa anakwenda bara kuuza dagaa. Hakuuza dagaa. Alivushwa kusini, mpaka akaingizwa Msumbiji, kwenye vita vya msituni vya watu asiowajua hata majina. Mama yake alipata habari kwa simu ya namba ngeni. Sauti ya mwanamme ikampa hongera, mwanao kafa shahidi. Hongera! Mpaka leo yule mama simu ikilia ndani, yeye hutoka nje. Na mtu aliyekuwa akionekana na Rajab kila jioni, akimlipia chai na kumwonyesha filamu za bunduki na bendera kwenye simu yake, aliitwa Nyange. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na Nyange ana pikipiki nzuri, anasalimia vizuri, ananukia vizuri, watu wakanyamaza.

Miezi hii ya karibuni pikipiki hiyo ilikuwa ikimpakia Haroub. Siku moja nilimsikia Nyange barazani kwetu akimwambia, "Shujaa gani wewe, wapigana na ng'ombe kwa kitambaa, na wanaume wenzako wanaipigania dini?" Nikadhani ni mzaha wa vijana. Nikawaletea hata maji ya kunywa!

"Twendeni mbio," niliwaambia. "Haroub anaondoka."

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya miti. Ngoma zinaita, vumbi limenyanyuka, watoto wanasukumana, gari za abiria kutoka vijiji vingine zinaendelea kumwaga watu. Ng'ombe alikuwa amefungwa pembeni, dume jeusi lenye nundu, anachimba ardhi kwa kwato. Siku nyingine ningeruka kwa furaha. Moyo ulikuwa unaruka vilevile, ila sasa kwa hofu, na sikuweza kuvitenganisha.

Haroub nilimwona upande wa pili, katikati ya wanaume, amevaa shati jeupe. Sikuweza kumfikia. Niliyemfikia ni Nyange, amesimama nyuma ya watu karibu na mnazi, pikipiki yake imeelekea barabarani.

"Nyange, hiyo yamsubiri nani?"

"Bi Asya! Shikamoo." Ana heshima ya kukera.

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Namsubiri Haroub. Pana kazi ya boti Tanga, nampeleka Wambaa awahi maji. Nilimwambia tuondoke asubuhi, kaniomba acheze ng'ombe mmoja tu wa mwisho. Acha vijana watafute maisha, Bi Asya. Au wafukuzane na ng'ombe mpaka wazeeke?"

"Kazi ya boti haitakiwi radhi ya mapera."

"Mapera gani?"

Hakuelewa. Nilimtazama usoni vizuri, na kweli hakuelewa. Hapo nikajua kwamba Nyange hakumtuma Haroub kuaga. Alimkataza. Ndugu yangu alikuwa amezunguka mtaa mzima na radhi zake akimficha hata mwenye siri, na roho yangu ikafurahi ghafla, kwa sababu mtu asiyeweza kuondoka bila kuaga bado yuko mikononi mwetu.

Nilirudi kwa wanawake nikikimbia. Wa kumshitakia ni sheha, mkubwa wa serikali hapa kwetu, naye alikuwa ng'ambo ya uwanja kwenye viti vya wageni, na kati yetu ng'ombe alikuwa kashafunguliwa. Kamba alishika kijana ambaye hata jina lake silijui, anaishika kwa vidole. Haroub aliingia na kitambaa chake, uwanja ukapiga kelele. Zumari likalia. Wanawake wakanigeukia wote, wanangoja wimbo.

Nilikuwa na wimbo wangu wa siku, nimeutunga wiki nzima, wa kumcheka ng'ombe na mwenye ng'ombe. Nikaumeza. Nikafungua kinywa, ukatoka huu:

"Haroub kataka radhi, safari yendea wapi?
Ng'ombe yumo uwanjani, pwani waendea kipi?"

Wanawake wakatazamana. Wimbo gani huu? Zumari likayumba. Nikapiga kifua na kuwatupia kiitikio: "Hatukuwii! Hatukuwii!"

Wa kwanza kupokea alikuwa Bi Mwanapili. Yeye ana sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuita watu shambani, na siku ile aliitoa yote. "Hatukuwii!" Halafu mama yangu, na uzee wake wote. Halafu wote, safu baada ya safu, makofi yakaingia, ngoma zikatukubali, mpaka wanaume upande wa pili wakaanza kuulizana kuna nini. Nikaona Nyange ameruka juu ya pikipiki na kuipiga teke iwake. Nikamkusudia yeye:

"Nyange mwenye pikipiki, mwanao mbona haendi?
Wa wenzio ndio kuni, wa kwako ndiye kipenzi!"

"Hatukuwii! Hatukuwii!"

Maana mtoto wa Nyange yuko Unguja anasoma, amevaa viatu vyeusi, na kila mtu anajua. Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa na meno. Haroub akageuza shingo kututazama.

Mcheza ng'ombe hageuzi shingo. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake hivyo. Ng'ombe alikuja wakati ule ule, kichwa chini. Nilijiona namuua ndugu yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Pembe ilishika shati jeupe, ikalichana toka kiunoni mpaka kwapani, Haroub akaanguka, akabingirika, kwato zikampita pembeni ya kichwa. Yule kijana wa kamba akaachia. Seif asingeachia.

Ng'ombe sasa huru, hasira zimempanda, akatafuta wa kumlipiza. Uwanja mzima umetawanyika, watu wako juu ya miti, kelele moja tu imebaki: pikipiki ya Nyange inayonguruma. Akaifuata hiyo hiyo. Nyange aliruka, na mtu aliyekuwa akiwapeleka wana wa watu vitani akaparamia mnazi na kanzu yake imefungwa kiunoni, haraka kuliko mkwezi yeyote niliyewahi kumwona. Chini yake ng'ombe aliipindua pikipiki, akaipiga pembe, akairudia, petroli ikamwagika, kioo kikaruka. Kengeja ilicheka mpaka ikalia.

Vijana walipomkamata ng'ombe walibaki chini ya mnazi wamesimama. Sheha naye akafika, akamwambia Nyange ashuke taratibu, hakuna haraka, polisi wa Mkoani wameshapigiwa.

Haroub alikuja kwetu moja kwa moja, vumbi mwili mzima, damu kidogo ubavuni.

"Dada, umenidhalilisha mbele za watu."

"Nimekudhalilisha, ndio. Na ukitaka ntakuimbia tena kesho sokoni. Wenda wapi?"

"Kule watu wetu wanaonewa."

"Watu wetu gani? Wale wa pwani ya Msumbiji wanaokimbia na watoto mgongoni, husali kama wewe, na lugha yao ukiisikia waielewa nusu. Utakwenda na bunduki kijijini kwa mwanamke kama mama huyu, akutolee shikamoo kwa hofu, nawe umjibu nini? Vita ni vya wenyewe, weye mgeni. Wakishapatana wao, nani atakumbuka ulikozikwa?"

Haroub alimtazama mama, na mama alishika lile shati lililochanika akijaribu kulikutanisha kwa vidole, kana kwamba hilo ndilo lililoharibika. Uso wa ndugu yangu ukavunjika.

"Katukataza kuaga," alisema. "Kasema ukimuaga mama utalainika, ondokeni kimya, radhi mtaikuta mbele ya safari. Mie nkashindwa. Nkalala, nkaamka, nashindwa. Nkasema ntakufaje na mapera ya watu shingoni?"

Bi Mwanapili alicheka kwa nguvu, machozi yanamtoka. "Basi radhi yangu nlokupa naitwaa! Naitwaa mbele ya Kengeja nzima! Mapera yangu yako shingoni mwako, na huendi pahala mpaka unipandie nti mwengine!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo havijawahi kupigwa harusini. Haroub alicheka, kisha akalia, akakaa chini miguuni mwa mama kama mtoto aliyechoka. Wanawake walinibeba. Kweli walinibeba, na mwili wangu huu! Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nitaipata tena, nilimshukuru Mungu kwa koo langu, nilimshukuru ng'ombe, nilitaka kumnunulia majani mabichi. Bi Mwanapili alinikumbatia, akanizungusha, akaimba kiitikio kile peke yake mbele ya wanaume bila haya.

Haroub alikuwa anamwangalia. Niliona jinsi alivyokuwa anamwangalia, nikawaambia wanawake waniteremshe.

"Bi Mwanapili," alisema. "Bi Mwanapili, sikiliza. Seif hayuko Ole."

Aliendelea kucheza hatua mbili tatu. "Yuko Ole. Kwa mjomba wake."

"Tulikuwa twende pamoja. Yeye katangulia alfajiri, kwenda kushika boti. Ndo maana nlikuja kwako alfajiri. Nlidhani ntamkuta bado anakuaga."

Gari ya abiria iliyoleta watu wa Wambaa ilijaa kwa kufumba na kufumbua, dereva hakuuliza nauli. Tuliingia wanawake, wanaume, wenye ngoma na ngoma zao. Bi Mwanapili alikaa mbele, anampigia Seif, simu inasema haipatikani, anapiga tena. Njia nzima tulimhimiza dereva, tulipiga bodi la gari, tulipishana na watu wakadhani tunapeleka bibi harusi. Nilijiambia nikifika nitaimba tena. Nitaimba mpaka boti igeuke.

Pwani ya Wambaa ilikuwa nyeupe na tupu. Mvuvi mmoja anayeshona wavu alituambia ndiyo, palikuwa na boti ya faiba yenye mashine mbili, imengoja mtu sana, imekasirika, imeondoka adhuhuri. Vijana watatu ndani. Mmoja mrefu, ana kovu la kidevu. Bi Mwanapili alisema kovu hilo ni la mperani, alianguka. Sheha alipiga simu Tanga, wakamwambia wamesikia, watatazama. Nilifungua kinywa kuimba, na hakuna kilichotoka.

Asubuhi ya pili tulikuwa tunakula uji, Haroub, mama na mimi, na simu ya Tanga haikuwa imelia. Hodi ikapigwa. Bi Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni, amevaa buibui lake la kwendea hitimani, na macho makavu.

Hakutaka kukaa. Alishika ncha ya kanga yangu, vile vile kama Haroub alivyoishika.

"Asya, mwieni radhi mwanangu Seif," alisema. "Kwa alowakosea, kwa kujua na kwa kutojua. Kwa kula kwenu na kunywa kwenu. Hakuwahi kupita mwenyewe."

Mama alisema amemuwia. Mimi nilisema nimemuwia, na sauti iliyotoka sikuitambua. Halafu mama, ambaye hajui kuficha neno, akamuuliza kama yeye mwenyewe kashamuwia.

"Mie hajanitaka," alisema Bi Mwanapili. "Namngoja aje anitake."

Akageuka kwenda mlango wa pili. Haroub aliweka bakuli chini, akavaa kofia, akatoka naye. Walizunguka Kengeja nzima wawili hao, na kila mlango Bi Mwanapili aliposhindwa kumaliza yale maneno, Haroub aliyamalizia.